Ng'ombe Aliyepuliziwa Dawa ya Kahawa

Kazi ya kutibu mifugo haimwachii mtu majivuno. Utajivuna vipi huku umelala kifudifudi kwenye samadi, mkono umezama hadi begani ndani ya ng'ombe, na mwenye ng'ombe, mkewe, mashemeji na katekista wa kigango wamekuzunguka wakikupa ushauri? Daktari Aidan alikwisha kulala hivyo mara nyingi katika milima ya Mbinga, na kila alipoinuka na kujifuta alijiona mtu mwenye bahati. Alipenda kazi yake kupita kiasi, na hakuona haya kusema hivyo.

Hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, katika nyumba ya Waanglikana walioishi kwa nyavu na mihogo, na katika ukoo wao wote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtazama ng'ombe kwa karibu. Alifaulu shule, akaenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo, kisha serikali ikampangia kazi kule juu Kitura, kwa Wamatengo wakulima wa kahawa, Wakatoliki tangu utosini hadi kwenye nyayo. Siku ya kwanza alipofika walimuuliza kama huko ziwani ng'ombe huvuliwa kwa ndoana au kwa wavu. Aidan akafikiri kidogo, akawajibu kwamba kwa wavu, ila uwe wa matundu makubwa. Tangu hapo walipatana.

Alipewa baiskeli ya kazi. Katika milima ile baiskeli humpanda mtu zaidi ya mtu kuipanda, na wanawake wa Kitura walizoea kumwona daktari akipandisha kilima, chombo begani, mkoba wa dawa mgongoni, akihema na kusalimia kila mlango. Alikwenda Namswea kutazama nguruwe waliogoma kula, na Ukata kushona mbuzi aliyejirusha kwenye seng'enge za ua. Kiangazi alishuka ziwani kuchanja mbwa, na kuku dhidi ya ugonjwa wa mdondo. Huko mama yake, Bibi Emiliana, alimfungia usipa mkavu, dagaa wa ziwa lile, kwenye kikapu, na siku akirudi Kitura watu walijua daktari amefika kabla hawajamwona. Walimcheka kwa harufu hiyo, kisha wakaomba wagawiwe.

Basi ndipo mambo yalipobadilika, kwake na kwa nchi nzima. Zikaja habari za soko huria. Chama cha ushirika, ambacho tangu zamani kiliwaletea wakulima mbolea na dawa za mikahawa, kikaishiwa nguvu. Josho la kuogeshea ng'ombe, lililokuwa la serikali, likakosa dawa, likakauka, vyura wakahamia. Wafanyabiashara wakafungua maduka ya kila kitu: misumari, mbegu, dawa ya minyoo, dawa ya mende, nyingine zimepimwa kwenye chupa za soda bila hata karatasi. Mwenye pesa alinunua, na mwenye swali hakupata wa kumjibu. Mwisho wake serikali ikasema ina wafanyakazi wengi kuliko uwezo wake, ikaanza kuwapunguza, na Aidan akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Aliambiwa kwamba nyumba ya idara aliyoishi na mkewe inatakiwa baada ya Pasaka.

Njaa haikumtisha. Rafiki yake wa chuoni, Cuthbert, alikuwa ameingia katika kampuni ya dawa za mifugo Dar es Salaam, akamtumia ujumbe kwamba kiti kipo na meza ipo, aje tu. Wengine wangecheza ngoma. Aidan aliposikia, alikaa kwenye ngazi ya nyumba, akatazama mashimo ya ngoro, ambayo Wamatengo huchimba mashambani kushika maji ya mvua, yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki, mahindi yakiota kwenye kingo zake.

Mkewe Winifrida, mwalimu wa shule ya msingi, alimwona. Alikuwa mwanamke asiyezunguka mbuyu.

"Unataka kubaki," alimwambia.

"Nibaki wapi? Juu ya baiskeli?"

"Waambie watu. Wewe huwaambii."

"Mke wangu, ardhi ya hapa unaijua."

Winifrida aliijua. Umatengoni mlima una wenyewe. Kila ukoo una mgongo wake wa mlima, wao huuita ntambo, kuanzia kileleni kwenye miti hadi chini mtoni, na mtu hulima alikolima babu yake. Mgeni hupewa chakula, hupewa heshima, hata mtoto wa kumsimamia ubatizo hupewa, lakini mlima hapewi. Na Aidan, kwa miaka yote ile, alikuwa mgeni aliyependwa. Kuomba kiwanja aliona ni kuwatia watu aibu ya kumnyima. Kwa hiyo alinyamaza, akaanza kufunga vitabu vyake kwenye makasha, na kila kasha alilolifunga lilimuuma.

Sasa, pale Kitura kulikuwa na ng'ombe wa parokia. Huo ulikuwa mpango wa Sista Notburga, mtawa mwenye sauti ya kengele na viatu vya mpira. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi: parokia ilileta mitamba wachache wa maziwa, ikawapa watu wachache, na kila aliyepewa alitakiwa kumpa jirani ndama wake jike wa kwanza. Jirani naye ampe jirani yake. Masharti ya Sista yalikuwa matatu na hayakulegezwa hata kwa padri. Mpokeaji awe amejenga banda. Awe amepanda majani ya mabingobingo ya kutosha. Na asihame kijiji mpaka naye ametoa ndama kwa mwingine, maana zamani kuna bwana mmoja alihama na ng'ombe wake, na Sista bado alikuwa akimwombea kwa hasira.

Bernadi alikuwa miongoni mwa waliobahatika. Alikuwa mkulima hodari wa kahawa, mwenye kiburi kidogo cha haki, kwa sababu mikahawa yake ilikuwa safi kuliko ya wote. Ng'ombe wake alimwita Ruzuku. Alisema serikali imeondoa ruzuku kwenye mbolea, lakini yeye amepata ya kwake, tena yenye pembe. Ruzuku alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, mpole, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa ya kwanza. Aliyekuwa kwenye zamu ya ndama huyo alikuwa Beata, mjane aliyeishi jirani, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi na mikono mikubwa. Beata alikwisha jenga banda zuri kuliko nyumba za watu wengine. Kila jioni alipita kwa Bernadi kulisalimia tumbo la ng'ombe.

Ijumaa moja asubuhi, kwaresima ikielekea ukingoni, mke wa Bernadi alibisha hodi kwa daktari. Jina lake Gaudiosa. Alikuwa ametoka mbio, kanga imelowa jasho, lakini adabu ni adabu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama."

"Starehe. Habari za asubuhi, Daktari?"

"Nzuri. Za kwenu?"

"Nzuri. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo, amekwenda shule."

"Na kule ziwani, Bibi mzima?"

"Mzima kabisa."

"Tunashukuru. Daktari, ng'ombe anakufa."

Aidan hakuuliza la pili. Alichukua mkoba, na safari hii aliiacha baiskeli, maana ingemchelewesha.

Alimkuta Ruzuku amesimama kwa shida bandani, miguu imetanuka, nyama zinamcheza mwili mzima. Mate yalimtoka kama kamba hadi sakafuni. Machozi yalimtiririka. Aidan alimfunua jicho, akaona mboni imekuwa ndogo mno. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa amekwisha sikia harufu, na harufu ile aliijua. Kila mtu wa Kitura aliijua, ila huko mashambani, kwenye mikahawa, wakati wa kupuliza.

Bernadi alisimama kando, kofia mkononi.

"Bernadi, umempaka nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wa kahawa. Ilibaki kidogo kwenye pampu. Daktari, kupe walimjaa masikioni, josho ndiyo hivyo limekufa. Nikasema kupe naye si mdudu? Mikahawa yangu huipulizia kila mwaka na haijafa. Nikampuliza vizuri, kila mahali, hata chini ya mkia."

Kosa hilo asingelifanya mtu mvivu, wala mtu asiyempenda ng'ombe wake. Lilitaka mkulima wa kahawa, tena mzuri, mwenye pampu safi na mkono usioruka jani. Aidan aliona uso wa mwenzake umekuwa wa majivu, akajua karipio halina kazi pale.

"Amejilamba?"

"Amejilamba sana."

"Basi leteni maji. Maji mengi, na sabuni. Mama Gaudiosa, piga yowe."

Gaudiosa alipiga yowe ambalo lilivuka bonde likarudi. Watu wakatoka kwenye migongo yote ya mlima ule, wenye majembe, wenye watoto migongoni, hata shemeji mmoja ambaye alikuwa hasemeshani na Bernadi kwa ajili ya mpaka wa migomba. Mto ulikuwa chini kabisa. Wanawake wakajipanga kutoka mtoni hadi bandani, ndoo ikapanda mkono kwa mkono, tupu ikashuka mkono kwa mkono. Sabuni za mche zikatolewa majumbani, hata zile zilizowekwa kwa ajili ya nguo za Pasaka.

Aidan alitoa chupa ndogo ya atropini, dawa ya kuzima sumu ya aina ile. Ilikuwa ya mwisho, masalia ya stoo ya idara, na hakujua kama itatosha. Alimchoma ng'ombe sehemu ya dozi kwenye mshipa wa shingo, nyingine chini ya ngozi, akabakiza kidogo. Akaagiza mkaa utwangwe kinuni, ukorogwe na maji, wakamnywesha Ruzuku kwa chupa, polepole asipaliwe, ili sumu aliyoilamba inaswe humo tumboni. Halafu wakaanza kumwosha.

"Fungeni mifuko ya nailoni mikononi," alisema. "Dawa hii haijui nani ng'ombe nani mtu. Na maji machafu yasifike mtoni."

"Hayafiki," alisema mzee Othmar, mkubwa wa ukoo wa Bernadi, akimwonyesha mteremko. Maji ya povu yalikuwa yakishuka kutoka bandani na kuingia kwenye mashimo ya ngoro, shimo la kwanza likajaa, likafuata la pili, na hapo yakatulia, kama babu zao walivyokusudia mvua itulie. Aidan alitazama akafurahi katikati ya hofu yake. Alisema maharage ya kingo zile yasiliwe mwaka huo, na mtu mmoja akajibu kwamba hata mwakani yatakuwa ya wakwe.

Wakacheka. Kicheko kilisaidia kubeba ndoo.

Beata alikuwa chini ya tumbo. Aliosha kiwele, akaosha mapaja, akaosha kila unywele, na muda wote alisema na kilichomo ndani. "Wewe, tulia humo. Usitoke mpaka uitwe. Huku nje kuna wajinga wenye pampu." Bernadi aliyasikia. Alikuwa amepiga magoti akiosha kwato, machozi yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mifuko.

Ruzuku akaanguka. Aidan akamalizia chupa, kila tone, akakaa kwenye matope na kichwa cha ng'ombe mapajani, akimfuta mate kwa shati lake. Alimwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, Kianglikana, na Wakatoliki wale wakaitikia amina bila kubagua. Hakuwa akiomba kwa ajili ya ng'ombe tu. Alikuwa akiomba asiondoke Kitura akiwa amemzika Ruzuku, kwa maana hapo angekuwa hana hata cha kukumbuka vizuri.

Jua lilipokwisha pinda, mate yalianza kukauka. Nyama zikatulia moja moja. Kisha Ruzuku akapiga chafya, akanyanyua shingo, akayala majani aliyokuwa ameshika Gaudiosa. Gaudiosa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na yule shemeji wa mpaka wa migomba akamkumbatia Bernadi, na baadaye kila mmoja akajifanya haikutokea.

"Na ndama?" aliuliza Beata.

Aidan aliweka mkono ubavuni, akasukuma, akangoja. Akasukuma tena. Ndani kitu kilimrudishia teke.

"Yupo," alisema. "Amekasirika, lakini yupo."

Baada ya hapo hakuweza kuondoka. Ilipita Pasaka, akaomba asubiriwe kidogo kwenye nyumba ya idara, wakamsubiri. Cuthbert akatuma ujumbe tena kutoka Dar, mara hii mfupi, kwamba mwisho wa mwezi kiti kitakaliwa na mwingine. Aidan akajibu anangoja uzazi. Cuthbert alidhani ni wa Winifrida, akampongeza.

Ruzuku alizaa mchana wa Jumapili, watu wakitoka misa, kwa hiyo kigango kizima kilihudhuria. Ndama alikuja vizuri, miguu ya mbele na pua, akahitaji kuvutwa kidogo tu. Aidan alimfuta utando puani, akamwinua mguu wa nyuma, akatazama.

"Jike!" alisema, na mlima mzima ukapokea neno hilo.

Jumapili iliyofuata mzee Othmar aliita sengu. Hiyo ni kawaida ya Wamatengo: watu wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao, kila nyumba ikija na chakula chake, wakala pamoja, na wakishakula ndipo mambo husemwa, kwa kuwa ni vigumu kugombana na mtu aliyekula ugali mkononi mwako. Sista Notburga alialikwa, na Aidan na Winifrida pia. Aidan alijua ni siku ya kumkabidhi Beata ndama, na alijua pia ni siku yake ya kuaga. Maneno ya kuaga alikuwa ameyapanga njia nzima.

Siku za nyuma alipokuta sengu, alikuwa akiwekewa kiti na meza ndogo pembeni, na sahani yake mwenyewe, heshima ya mgeni. Siku ile alitafuta kiti, hakukiona. Bernadi alijisogeza kwenye mkeka, akapiga-piga nafasi iliyobaki. "Kaa hapa, Daktari. Mikono umenawa?" Akala nao sinia moja, ugali na maharage na kuku, akipigwa kiwiko kama mtu yeyote.

Walipomaliza, mzee Othmar alimwambia Beata aseme alilonalo. Beata alisimama.

"Ndama simtaki," alisema.

Sista Notburga alishtuka. "Beata! Banda umejenga!"

"Nimejenga, Sista, na ni zuri. Lakini nimefikiri. Juzi ng'ombe wa Bernadi alikuwa anakufa, nani alimtibu? Huyu. Na huyu anakwenda Dar. Nikimchukua ndama leo, na daktari akaenda zake, ndama huyo nitamla mwakani kwa huzuni. Ng'ombe bila daktari ni kitoweo kinachongoja siku. Lakini ndama akipewa daktari, basi daktari ana ndama, na mimi nina daktari. Akizaa huyo, jike wa kwanza ni wangu. Nitangoja. Nimezoea kungoja, niliolewa na mcheza bahati nasibu."

Watu waliangua kicheko, isipokuwa Aidan, ambaye hakuwa na hakika kama amesikia sawasawa. Alijua mwanamke yule alivyomtamani ndama. Alimwona akilisalimia tumbo jioni zote zile.

"Hana banda," alisema Sista, akijaribu kuwa mkali. "Hana majani. Hana hata pa kuyapanda."

"Banda ni langu mpaka ajenge lake," alisema Beata. "Majani nayo atakata kwangu."

"Na pa kuyapanda papo," alisema mzee Othmar. Hakusimama, alinyoosha tu mkono kuelekea ubavu wa mlima, chini ya mikahawa ya Bernadi, juu kidogo ya mto. "Kuanzia mti ule hadi kwenye jiwe. Ukoo umekubali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu tumemchelewesha jembe lake miaka mingi. Mwenye kosa ni sisi."

Aidan alitaka kusema kitu. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa ya kuaga, hayakufaa hata moja. Alikaa pale mkekani, mtu mzima, daktari wa Morogoro, analia mbele ya ukoo wa watu, na moyo umemjaa shukrani mpaka unamuuma. Winifrida alimshika bega.

Sista Notburga alikohoa. "Sharti la tatu mnalijua," alisema, na sauti ya kengele ilikuwa imepungua. "Anayepokea ng'ombe wa parokia haruhusiwi kuhama. Daktari, lazima niulize mbele ya watu. Unakusudia kuhama?"

Watu wote walimgeukia. Bernadi aliacha hata kuchokonoa meno.

"Sitaki," alisema Aidan. Akalirudia kwa nguvu ili wasikie mpaka wale walioketi nyuma. "Sitaki kuhama. Sikutaka tangu mwanzo."

"Ndiyo hilo tu tulikuwa tunangoja ulitamke," alisema Beata, akaenda kumleta ndama.